Kideki cha USB cha kuhamisha kanda: kimenila 70,000, kazi ikafanywa na redio ya marehemu baba

Nianze na bei ili tusizungushane. 70,000. Nimekinunua hapahapa Dodoma mjini, duka moja la vifaa vya simu, na muuzaji aliniapia kabisa kwamba dada hii unachomeka tu kwenye kompyuta, unaweka kanda, unaenda jikoni kupika, ukirudi kila kitu kipo kwenye flashi. Nikaamini. Kenyewe kanafanana na zile wokimeni za zamani, plastiki nyepesi kama kopo la mtindi, kana sehemu ya betri mbili ndogo, waya wa USB, na sidii moja ndogo kama kisosi ambayo laptopu yangu haina hata pa kuiingiza.

Sasa kanda zenyewe. Mama ana sanduku la bati chini ya kitanda, ndani kanda 11, nyingi C60 (hiyo namba ni dakika za pande zote mbili), mbili C90 na ile moja C120 ambayo utepe wake ni mwembamba mpaka unaogopa kuutazama. Bibi mzaa baba alikuwa Mvumi na hajui kuandika, baba mdogo yuko kazini Tabora, basi badala ya barua baba alikuwa anaenda kijijini na redio kaseti, anabonyeza rekodi, kila mtu anasalimia kwa zamu mpaka upande unaisha, kanda inapewa mtu wa treni, na baada ya wiki kadhaa inarudi nyingine na majibu. Baba mdogo alipostaafu alirudi nazo zote. Sauti ya bibi haipo sehemu nyingine yoyote duniani, kwa hiyo mnaelewa kwa nini sikutaka mchezo.

Nashukuru Mungu nilianza na kanda ya dansi ambayo hata ikiliwa hakuna wa kulia. Haikuliwa, ila mwimbaji alikuwa anaimba kama mtoto wa chekechea anayekimbilia chooni. Nikasema labda ni masikio yangu, nikachukua saa ya simu: upande mmoja wa C60 ni dakika 30 na mara nyingi unazidi kidogo, kideki kikaumaliza kwa 27! Yani mota inakimbia, na mota ikikimbia sio mwendo tu unaobadilika, sauti nayo inapanda. Afu nyuma kuna kamluzi kembamba hakaishi, nikichomoa USB nikasikiliza kwa betri kanapungua, nikirudisha kanarudi, kumbe umeme wa kompyuta wenyewe unaingia kwenye sauti. Na ule ujanja wake wa kujigeuza upande wa B wenyewe ndo kabisa, upande B unasikika kama mtu anaongea amejifunika blanketi. Mwendo unaweza kurekebisha baadaye kwenye programu, sikatai, ila huyu leo anakimbia hivi kesho vile, utarekebisha mangapi.

Nikakumbuka redio ya baba juu ya kabati. Haizungushi, ikiwashwa inanguruma tu. Nikaipeleka Majengo kwa fundi mmoja mzee ambaye meza yake imejaa redio za watu waliosahau kurudi, akaifungua, akavuta belti, ikamnatia kidoleni kama ubani uliotafunwa. "Dada, redio yako nzima hii, mpira ndo umeoza. Na hili vumbi la Dodoma mmelilima humu?" Akabadilisha belti, akasugua kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti (pamba ya kwanza ilitoka kahawia kama chai ya rangi), afu akaweka kanda na kuanza kuchezea kaskrubu kadogo pembeni ya kichwa huku amefumba macho, anakageuza kidogo kidogo, na ghafla sauti ikafunguka, ile "s" na "sh" zikatokea. Mi nilikuwa sijui kama kuna kitu kama hicho. Kichwa kikikaa upande hata kidogo sauti kali zote zinapotea, na nikajua hapo ndo kilipo kile kiblanketi cha kideki changu. 12,000 tu. Ongeza waya wa AUX 3,000 na saundi kadi ndogo ya USB 10,000, maana tundu la laptopu ni lile la hedifoni za simu, waya wa AUX hauingizi sauti humo, hivyo hesabu yote 25,000.

Programu niliyotumia ni Audacity, ni ya bure na inatosha. Angalizo langu kubwa ni volyumu, tundu la maiki lina masikio makali, kwa hiyo redio unaiweka chini, unacheza sehemu yenye kelele kuliko zote na kuangalia ile mita isiguse mwisho, mi naiacha iishie kwenye desibeli -6 hivi. Sauti ikishapasuka wakati wa kurekodi hakuna dawa. Na usidanganywe na stirio, kanda iliyorekodiwa na maiki ya redio yenyewe mara nyingi ni mono (sauti ileile kushoto na kulia), basi rekodi mono, faili linakuwa nusu. WAV, yani faili la sauti isiyobanwa, ikiwa ya stirio inakula kama MB 10 kwa dakika, C90 nzima unakaribia GB 1. Kile kitufe cha kupunguza kelele kipo, unaionjesha sekunde chache za ule mchakacho mtupu afu inaufuta, ila ukizidisha watu wanaanza kuongea kama wako ndani ya pipa la maji, na ile ya asili usiifute kamwe. Hakuna njia ya mkato kwenye muda, kanda ya saa moja ni saa moja.

Ile ya Mvumi niliirekodi usiku, mama kakaa pembeni na kitenge mabegani. Mchakacho, kuku, mtu anakohoa, afu bibi: "Mbukwenyi!" Salamu ya Kigogo hiyo, kwa sauti ya kupiga kelele kabisa kama vile Tabora inasikia moja kwa moja. Akataja watu wote, akadai sukari, akadai sabuni, akasema na kanga, "lakini sio ile yenye maandishi ya kunitukana." Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Nyuma wanawake wanapiga muheme, ngoma yetu ya Kigogo, kwa mbali, bibi anaanza kusema jambo kuhusu shamba la uwele na mpaka wa jirani, na hapohapo katikati ya neno, tap, salamu za redio, fulani anamsalimia fulani. Mtu alirekodi juu yake. Vile vijipembe viwili vya juu ya kanda, ambavyo ukivivunja hairekodiwi tena, baba hakuvivunja. Namshuku kaka yangu na yeye anajua namshuku.

Kideki nakipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu kinarudisha kanda nyuma haraka kuliko kalamu ya Bic. Anayekitaka nauza 20,000, sidii yake bado iko kwenye nailoni.