Vifaa vya kunyoosha mabonyeo madogo ya gari nyumbani: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kiachwe dukani

Usukani wa bodaboda ukigusa mlango kwenye foleni, jirani akifungua mlango wake kwa pupa kwenye maegesho, au embe bichi likidondokea boneti, bonyeo linalobaki mara nyingi halizidi upana wa kifuniko cha soda. Ukilipeleka kwa fundi wa bodi, atagonga, atapaka puti ya kujazia bonyeo, atapiga msasa, kisha atapulizia rangi mlango mzima. Gharama haiko kwenye bati. Iko kwenye rangi. Na rangi ya kiwandani ikishaondoka haitarudi: ile ya gereji, hata ikipulizwa na fundi hodari, mara nyingi itaonekana tofauti kidogo jua la saa kumi likiipiga kwa ubavu.

Ndiyo maana vifaa hivi nimevipanga kwa swali moja tu: je, kitaliondoa bonyeo na kuiacha rangi ya gari mahali pake?

Kabla ya kutoa hela

Pitisha ukucha taratibu juu ya bonyeo. Ukikwama kwenye ufa, au ukiona rangi imemeguka, vifaa vya kuvuta havitakusaidia. Ruka moja kwa moja hadi namba tano.

Rangi ikiwa nzima, jiulize kama ni ya kiwandani. Magari yetu mengi yameingia yakiwa yametumika, na mengine yamepita mikononi mwa watu watatu wanne baada ya kushuka bandarini. Angalia mipira ya vioo: ikiwa na chembe za rangi ya gari, paneli hiyo huenda ilipuliziwa upya. Kisha funga sumaku ndogo kwenye kitambaa chembamba uipitishe. Ikishika vizuri mlango wa kushoto na kulegea sehemu fulani ya mlango wa kulia, hapo kuna puti chini. Isiposhika kabisa, paneli ni ya plastiki au alumini. Kipimo hiki hakina gharama, lakini kinakwambia ununue nini, kwa sababu rangi iliyopuliziwa juu ya puti au juu ya bati lisilosafishwa sawasawa inaweza kubanduka pamoja na gundi.

Mwisho, tazama mahali bonyeo lilipo. Lililo katikati ya paneli, pana na lenye kingo laini, linarudi. Lililokaa juu ya mkunjo wa bodi, au karibu kabisa na ukingo wa mlango ambako bati limekunjwa mara mbili, ni gumu hata kwa fundi mzoefu. Hilo usilianze nyumbani.

1. Seti ya kuvuta kwa gundi

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mwenye gari la bati na rangi ya kiwandani. Ndani yake kuna bunduki ya gundi, vijiti vya gundi, vishikio vya plastiki vya ukubwa mbalimbali, kivutio chenye umbo la daraja, kigongeo cha plastiki na kichupa cha spiriti. Unagandisha kishikio katikati ya bonyeo, unaweka daraja juu yake, unakaza kitasa, na bati linapanda kidogo kidogo.

Bati la nje la gari huwa na unene wa kama milimita 0.7 tu. Likivutwa kwa pupa linapitiliza na kuacha uvimbe, na uvimbe unaonekana vibaya kuliko shimo. Kwa hiyo anayeanza achague seti yenye daraja, si yenye nyundo ya kuvuta (uzito unaotelezeshwa kwenye fimbo) peke yake. Nyundo ina nguvu zaidi, lakini inakwenda kwa mishtuko na kuidhibiti kunataka mkono uliozoea. Daraja liwe na miguu mipana yenye mpira laini chini, maana miguu myembamba na migumu hutengeneza vibonyeo vipya viwili pembeni ya kile unachokitoa. Bunduki ya gundi iwe ya vijiti vya milimita 11. Zile ndogo za milimita 7 za kazi za mikono hutoa gundi polepole, na kabla hujajaza kishikio gundi imeshapoa.

Siri iko kwenye usafi na joto. Futa sehemu kwa spiriti, paka gundi kwenye kishikio, kibandike bila kukandamiza hadi gundi yote itoke pembeni, halafu subiri dakika chache ipoe kabisa. Hali ya hewa ya Dar, Tanga au Mombasa inadanganya watu hapa: bati lililokaa juani linakuwa la moto kiasi kwamba gundi haigandi, mtu anavuta, kishikio kinachomoka, anasema seti ni feki. Fanya kazi asubuhi, kivulini. Usitegemee mvuto mmoja. Vuta, ondoa, tazama, rudia kwa kishikio kingine. Mwanga wa tyubu ukiuacha ujichore kwenye rangi, mstari wake utapinda palipobonyea na utanyooka kadiri kazi inavyokwenda.

Kutoa gundi, nyunyizia spiriti ya isopropili pembeni mwa kishikio, subiri, kitajiachia. Usitumie thina, maana thina inakula rangi ileile unayopigania. Palipovimba, gonga taratibu kwa kigongeo cha plastiki.

2. Maji ya moto, kwa bampa tu

Bampa za magari mengi ni za plastiki, na gundi haina kazi kubwa hapo. Chemsha maji, mwagia polepole juu ya bonyeo, vaa glavu nene, sukuma kwa ndani, kisha mwagia maji baridi ili plastiki ikae ilivyorudi. Kitu cha kununua ni klipu za akiba, kwa sababu ukifungua bampa ili mkono upite, za zamani hukatika. Gari lenye sensa nyuma ya bampa lisimwagiwe ovyo.

3. Kikombe cha kunyonya

Ni cha bei ndogo na kinafanya kazi moja vizuri: bonyeo pana lisilo na kina, kama pale mtu alipoegemea mlango au mpira ulipogonga fenda. Kwa bonyeo la ukubwa wa sarafu hakishiki kitu. Nunua chenye kikombe kimoja. Vile vyenye vikombe viwili au vitatu vimetengenezwa kubebea vioo na vigae, na juu ya bodi iliyopinda havikai sawa.

4. Vyuma vya kusukuma kutoka ndani

Mafundi wanaonyoosha bila kupaka rangi hutegemea sana hivi, na matokeo yao ni mazuri kuliko ya gundi. Lakini ni kazi ya kujifunza kwa muda mrefu, kwenye mlango chakavu, si kwenye gari lako. Chuma kinachopita karibu na kioo au waya za mlangoni kinaweza kuharibu vitu vya gharama kubwa kuliko bonyeo lenyewe, na kwenye magari yenye eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) za pembeni hatari inaongezeka.

5. Puti, msasa na rangi ya kopo

Hii ni ya rangi iliyokwisha kupasuka. Nunua puti yenye kikausho chake, kwa kawaida kama asilimia 2 ya puti, ukizidisha, itapasuka. Tabaka liwe jembamba, milimita 3 hivi. Msasa uanzie namba 80, uende 180, umalizie 320, nawe ukiwa umevaa barakoa. Praima, yaani rangi ya msingi, ipakwe siku hiyohiyo, maana puti hunyonya unyevu, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani kutu itachipuka chini yake.

Acha dukani

Draya ya nywele na barafu kavu: vinauzwa kwa video, ila kwenye bonyeo halisi mara nyingi hakuna kinachotokea. Pia kivutio cha zamani cha skrubu, kinachotaka utoboe bati. Tundu hilo ni mlango wa kutu.

Ukienda Kariakoo au Gerezani jijini Dar, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, omba seti ifunguliwe mbele yako. Zungusha kitasa cha daraja mwanzo hadi mwisho kuona kama nyuzi zake hazikwami, bonyeza vishikio uone kama havipasuki, na ununue vijiti vya gundi vya ziada, kwa sababu vinavyokuja kwenye boksi huisha kabla ya mlango mmoja. Uliza pia fundi wako atatoza kiasi gani. Kwa bonyeo moja, seti inaweza isilipe; kwa gari linalolala barabarani, utaitumia tena.