PostgreSQL kwa duka la vipuri: inatafuta vizuri, ila chunga majedwali mawili

Duka la vipuri la Kirinyaga Road likiweka bidhaa zake mtandaoni, mteja ataandika "kioo probox" na kutaka jibu papo hapo. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina utafutaji wa maandishi ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, ni bure, na hakuna seva ya pili ya kulisha data kila bei inapobadilika. Kwa duka la aina hii, tunaipendekeza kabla ya kitu kingine chochote. Kinachowaangusha wengi ni pale maneno ya mteja yanapokuwa yamegawanyika kwenye majedwali mawili.

Jedwali la vipuri lina "kioo cha pembeni, kushoto", jedwali la magari lina "Toyota Probox". Kila moja lina safu yake ya tsvector (maandishi yaliyogawanywa kuwa maneno ya kutafutwa) na faharasa yake ya GIN (inayoonyesha kila neno liko kwenye mistari ipi). Tafuta "kioo probox", hupati kitu. Kitendaji cha websearch_to_tsquery, kilichoingia na toleo la 11, kinadai maneno yote mawili yawe ndani ya tsvector ileile, na hapa hakuna iliyo nayo yote. Kuweka OR kati ya safu hizo hakusaidii, maana kila upande bado unadai yote. Tena hata kwa neno moja, OR inayovuka majedwali huziacha faharasa zote mbili kando: mistari huunganishwa kwanza, kisha ndiyo ichujwe. EXPLAIN ANALYZE, amri inayoeleza jinsi swali lilivyotekelezwa, itakuonyesha Seq Scan (kusoma jedwali zima) pale ulipotarajia Bitmap Index Scan (kupitia faharasa). Kwa neno moja, UNION ya maswali mawili, yaani kuweka matokeo yao pamoja, inatosha. Kwa maneno mengi, yakusanye maandishi mahali pamoja, ndani ya materialized view (matokeo ya swali yaliyohifadhiwa):

CREATE MATERIALIZED VIEW tafuta AS
SELECT v.id,
  setweight(to_tsvector('simple', v.jina), 'A') ||
  setweight(to_tsvector('simple',
    coalesce(string_agg(m.jina, ' '), '')), 'B') AS hati
FROM vipuri v
LEFT JOIN vipuri_magari vm ON vm.kipuri_id = v.id
LEFT JOIN magari m ON m.id = vm.gari_id
GROUP BY v.id;

Usiiondoe coalesce, inayoweka maandishi matupu mahali pa NULL (thamani isiyopo). Kipuri kisicho na gari lolote huleta NULL, hati yake nzima inageuka NULL, na bidhaa inapotea kwenye utafutaji bila kosa lolote kuonyeshwa. Weka faharasa ya GIN kwenye hati na ya UNIQUE kwenye id. Bila hiyo ya pili, REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY (kusasisha bila kuwazuia wasomaji) inakataa, na REFRESH ya kawaida huwafungia wasomaji nje mpaka imalize. Safu za GENERATED (zinazojikokotoa zenyewe) za toleo la 12 haziwezi kazi hii kwa sababu hazisomi jedwali jingine.

Bei na stoo ziache nje ya hati. ts_rank, alama ya kupanga matokeo, hukokotolewa kwa kila mstari uliopatikana, kwa kuwa GIN haihifadhi uzito wa maneno, kwa hiyo chagua bidhaa 20 bora ndani ya swali dogo, halafu ndipo ufanye JOIN na bei. Sharti la "ipo dukani" liwe EXISTS (huuliza tu kama mstari upo), nalo likae ndani, kabla ya LIMIT. Likiwa nje, mteja anaona bidhaa saba wakati zipo nyingi.

Upungufu mkubwa kwetu ni Kiswahili. Hakuna kamusi yake ndani ya PostgreSQL, na ile ya Kiingereza hukata miisho ya maneno ilhali ngeli zetu hubadilika mwanzoni. Aliyeandika "vioo" hapati "kioo". pg_trgm, kiendelezi kinacholinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatu, husaidia nusu: "kifuniko" na "vifuniko" hufanana kwa 0.5, juu ya kizingiti cha kawaida cha 0.3, lakini "kioo" na "vioo" hupata 0.25 na kuachwa. Ukishusha kizingiti, takataka inaingia. Kwa maneno mafupi tengeneza faili la visawe lenye mistari kama "vioo kioo", uliweke kwenye folda ya tsearch_data ya PostgreSQL, na utumie usanidi mpya wa utafutaji ulionakiliwa kutoka simple na unaosoma faili hilo, badala ya simple yenyewe. Hakikisha kwanza kwamba unaweza kuandika faili kwenye seva hiyo. Huduma nyingi za wingu haziruhusu. Na kila ukiongeza kisawe, fanya REFRESH, kwa sababu hati zilizokwisha hifadhiwa hazijibadilishi zenyewe.