Memori ya kompyuta: gigabaiti 8 au 16?
Katika steshenari yangu hapa Moshi, kompyuta yenye memori (RAM, sehemu inayoshikilia kazi zilizofunguliwa kwa wakati huo) ya gigabaiti 8 huandika barua na kupiga hesabu bila kusita, kwa kuwa mfumo endeshi wa Windows 11 wenyewe unadai angalau gigabaiti 4 tu. Tatizo huanza ninapofungua picha kubwa za kadi za harusi pamoja na kurasa 20 za intaneti: memori ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na kishale huganda mteja akiwa amesimama kaunta. Ile ya gigabaiti 16 haitaabiki hapo. Mwanafunzi anatosheka kabisa na 8. Mtengeneza picha achukue 16, hasa akinunua kompyuta mpakato ambayo memori yake imelehemiwa kwenye bodi na haiwezi kuongezwa baadaye.