RawTherapee kwa picha za ndege: noa mapema, noa mara moja

Kwa mpiga picha wa ndege asiyetaka kulipia programu kila mwezi, RawTherapee, programu ya kuhariri picha za RAW (data ghafi ya kamera), ndiyo ya kuanza nayo. Ni ya bure, inakubali Windows, Linux na macOS, na tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020 ina kifaa ambacho kwa manyoya peke yake kinatosha kuipendekeza: Capture Sharpening.

Kipo kwenye kichupo cha Raw. Hunoa picha mapema sana, mara tu rangi zinapojengwa kutoka data ya kihisi, kabla mwanga na kontrasti havijaguswa. Hukadiria chenyewe ukungu ulioletwa na lenzi na kihisi, kisha huuondoa kwa hesabu. Ndiyo maana nyuzi za unyoya zinaachana vizuri bila ule mstari mweupe wa pembeni unaomharibu yangeyange aliyesimama mbele ya maji meusi. Kiwashe, acha Radius (upana wa ukungu unaoondolewa) na Contrast threshold (kiwango cha kontrasti ambacho chini yake hakuna kinachonolewa) zijipange zenyewe, kisha kagua jicho na shavu kwa 100%. Chenga, yaani vitone vya fujo vinavyoletwa na kihisi, zikianza kujitokeza angani, pandisha Contrast threshold kidogo kidogo huku umefungua barakoa yake, picha inayoonyesha panaponolewa: mwili wa ndege uonekane mweupe, anga libaki jeusi.

Kinachoharibu picha nyingi ni kunoa mara mbili. Ukishawasha hiki, zima Sharpening ya kichupo cha Detail. Ruhusu kunoa kwa pili pale tu unapopunguza picha, tuseme hadi pikseli 2048 za kuweka mtandaoni, na kuwe kwepesi. Wala usitegemee kumwokoa ndege mdogo chozi aliyetikisika: hesabu hii inachukulia kuwa ukungu umesambaa sawa pande zote, ilhali ukungu wa mwendo huvutika upande mmoja.

Chenga zinahitaji subira zaidi. Unyoya mwembamba na punje ya chenga vyote vina upana wa pikseli chache tu, kwa hiyo programu haina njia rahisi ya kuvitofautisha. Anza na chenga za rangi, ambazo mpangilio wa otomatiki unaziweza vizuri. Luminance, inayopunguza chenga za mwangaza, iache kwenye 0 kwa ISO 800 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga kwenye kamera; kikipanda, chenga huongezeka). Kwa ISO 3200 jaribu 10 hadi 20, kisha pandisha Detail recovery mpaka manyoya ya kifua yarudi. Hukumu kwa 100% tu, maana picha iliyopunguzwa kwenye skrini inadanganya. Kifaa cha Impulse Noise Reduction kiogope: kinafuta pikseli zinazopishana sana na majirani zake, na vitone vyeupe vya kanga aliye mbali ni vya namna hiyo hiyo.

Kwa ISO ya juu badilisha pia njia ya kujenga rangi kutoka data ya kihisi. AMaZE, inayokuja nayo, ni bora kwenye mwanga mzuri, lakini chenga zikizidi huchora vijistari vya kupindapinda juu ya manyoya. LMMSE au IGV hutulia zaidi.

Ndege mweupe juani ana shida yake. Wasifu wa awali, yaani mipangilio ambayo programu huanza nayo, huiga mwangaza wa JPEG ya kamera, na mgongo wa yangeyange unaweza kugeuka karatasi tupu. Chagua wasifu wa Neutral, usioongeza chochote, shusha mwanga, halafu fungua histogramu ya RAW, grafu ya mwangaza wa data ghafi. Ikiwa mikondo ya rangi (nyekundu, kijani na bluu) haijagota ukingo wa kulia, manyoya yamo na yatajitokeza. Ikiwa yote mitatu imegota, hakuna unyoya wa kurejesha. Color Propagation, njia ya kujaza sehemu zilizoungua kwa mwanga, hapo inapaka makisio tu.

RawTherapee inapozidiwa ni kivulini mwa msitu, ISO 6400 na kuendelea. Denoise ya programu ya Lightroom, iliyotoka Aprili 2023, na programu ya DxO PureRAW zinaishinda waziwazi kwa chenga. Hata hivyo, zinataka kadi ya michoro yenye nguvu, na wakati mwingine huchora mistari ya manyoya ambayo ndege hana. Kwa picha ya kutambulia spishi, linganisha na faili la awali kabla ya kuziamini.

Local Adjustments ya RawTherapee, iliyoongezwa toleo la 5.9 mwaka 2022, inakuwezesha kushughulikia ndege bila kugusa mandharinyuma, ila inalemea kompyuta ya zamani, na kuizoea kunachukua muda. Ukimaliza, mipangilio yako hukaa kwenye faili la .pp3: inakili kwa picha nyingine za mfululizo ule ule, na Radius ya otomatiki itakokotolewa upya kwa kila moja.