Friji ya kompresa ya gari: tumeitoa Los Angeles mpaka Phoenix na joto la nyuzi 44

Habari zenu wadau, karibuni sana. Leo tuongelee hii friji ya gari mnayoiona hapa, lita 35, ya kompresa, nimeinunua dola 230, na nimeamua kuirekodia video baada ya kuipeleka jangwani maana huko ndo inajulikana friji ipi ni friji na ipi ni boksi lenye waya.

Tulikuwa tunaenda Phoenix, Arizona, kuwasalimia rafiki zetu, familia ya Wakongomani wa Uvira. Mimi mtu wa Kigoma, hawa ni jirani zangu wa ziwa moja, sasa siwezi kwenda kwao mikono mitupu. Nikapakia samaki wasiokatwa na sombe (kisamvu) ya kugandishwa, pakiti kama sita hivi, na maziwa ya mtoto. Kutoka Los Angeles ni kama kilomita 600, unashika barabara ya I-10 tu mpaka unafika.

Sasa kabla hujanunua sikiliza hapa, maana watu wengi wanalizwa. Kuna zile za bei rahisi, zinaandikwa friji ya gari lakini ndani hazina kompresa wala gesi, kuna kibati kinapitishiwa umeme, upande mmoja unapoa upande wa pili unachemka afu feni inapuliza lile joto nje. Hizo zinashusha kama nyuzi 15 mpaka 20 tu chini ya joto la pale zilipo. Dar usiku utaona inapoza, lakini buti la gari likiwa na nyuzi 45 maana yake ndani ya boksi una 25 na zaidi, na samaki kwa nyuzi 25 masaa sita mnajua wenyewe anakuwaje. Ya kompresa inafanya kazi kama friji ya nyumbani, unaiambia hasi 18 inahangaika mpaka ifike.

Kipimo chenyewe kilikuwa baada ya Indio, mji wa jangwani huko huko California. Pale barabara inapanda milima na kuna mabango yanakwambia uzime AC injini isichemke, tukazima, tukafungua vioo, upepo unaoingia ni wa moto kabisa, mtoto anahema, na nikawa naiwaza ile friji huko nyuma. Tulipofika Blythe, mji wa mpakani California ikiachana na Arizona, kujaza mafuta nikafungua mfuniko. Ule ukungu wa baridi ukanipiga usoni, sombe ngumu kama tofali, barafu nyeupe imeshika kwenye plastiki. Kioo chake kinasoma hasi 16, mimi nilikuwa nimeweka kipimajoto changu juu ya pakiti za juu, kikasoma hasi 12. Kwa hiyo juu na chini hapalingani, vya kuganda weka chini, na maziwa usiyaweke humo kabisa maana haina vyumba viwili, ya mtoto yaliganda yote. Hilo kwangu ni kasoro kubwa, wenye watoto chukueni yenye vyumba viwili hata kama bei inapanda.

Umeme haili sana, kama wati 50 ikiwa inazunguka, soketi ya sigara inabeba vizuri tu. Ila kuna seting ya kulinda betri ya gari, iweke juu kabisa, maana joto la kule linaua betri za magari vibaya sana, ukizima injini friji ikaendelea kunyonya betri iliyochoka unalala barabarani. Na pembeni kwenye matundu ya hewa acha nafasi ya kiganja, usibananishe mabegi. Na kama unabeba betri kubwa ya kuchaji ya lithiamu ya kuendeshea friji, usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, shuka nayo.

Phoenix kwenyewe jamani, mwaka 2023, Juni 30 mpaka Julai 30, walipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na kuendelea, na watu wanaishi, wanalea watoto. Rafiki zetu mchana wamefunga mapazia, kutoka nje ni alfajiri au jua likizama. Tumekaa uani saa tatu usiku tunakula bugali, sombe, samaki, sakafu ya saruji bado inachoma miguu, majirani zao wa Bukavu wamekuja na vinywaji, friji ya ndani imejaa. Tukaishusha ya gari, ina adapta ya ukutani, ikakaa sebuleni imebeba soda na maji ya watu wote, haina kelele ya kukukosesha usingizi. Nimeipenda zaidi hapo kuliko barabarani.

Je, ununue? Kama safari yako ni ya siku moja, deli zuri na barafu vinatosha kabisa, tunza hela yako. Kama unakaa siku kadhaa au unaunganisha Tucson, mji mwingine wa Arizona, na kwingine, chukua.

Na mnaorudi California, pale Blythe kuna kituo cha ukaguzi wa mazao, wanauliza matunda. Mama mwenye nyumba alitaka kutujazia friji ndimu za mti wake, tukamwomba atukamulie, tukabeba juisi imeganda.