Nilienda kuangalia mchezo nikaishia kuangalia viti vitupu

Ukumbi sitautaja, wenyewe wakisoma watajijua, halafu kuna dada wa kukata tikiti pale ni mtu mzuri sana sitaki aharibikiwe na kazi yake kwa sababu ya hasira zangu. Lakini hii ntaisema.

Sisi tuko watatu, mimi na shoga yangu wa Likoni na shoga yangu wa Kisauni, na tuna grupu yetu ya WhatsApp ambayo kazi yake ni moja, kile kipindi cha maigizo cha TV cha saa moja unusu jioni. Ikifika saa hiyo hakuna anayepika wala anayepokea simu, ni "umemwona?" "wallahi huyu mume ni mjinga" mpaka taarifa ya habari. Yule wa Kisauni akikosa siku moja huwa kama amefiwa. Mara ya mwisho kumwona amechanganyikiwa vizuri ilikuwa 2015, pale matangazo ya analoji yalipozimwa na stesheni kubwa zikapotea hewani karibu wiki tatu, siku ya kwanza alizunguka mtaa mzima na antena mkononi akidhani TV yake ndo mbovu.

Sasa yule wa Likoni yeye ana mapenzi ya michezo ya jukwaani, na siku moja akatuandikia ati kuna mchezo Ijumaa na yule mama mkwe mbaya wa kipindi chetu yumo. Ijumaa! Siku ambayo kipindi hukatizwa mahali pabaya kuliko siku zote, mtu yuko mlangoni na kisu halafu inaandikwa itaendelea Jumatatu. Yule wa Kisauni nkajua atakataa, akasema anaenda, anataka kumwona yule mama kwa macho yake ajue kama kweli ana ule mdomo au ni ya kuigiza.

Mia tano mia tano tukalipa. Bango lilikuwa limeandikwa vizuri kabisa, anayewahi ndo anayechagua kiti. Basi tukawahi. Yule wa Likoni alivuka feri jua bado liko utosini, mimi nkabeba viazi karai na kachiri, saa kumi na nusu tuko mlangoni na mchezo ni saa kumi na mbili. Tukaingia wa kwanza, tukakaa mbele kabisa, katikati, viti vitatu, unaona mpaka misumari ya jukwaa. Nkajipiga picha nkatuma kwa dadangu.

Tumekaa kama nusu saa hivi, ukumbi unaanza kujaa, akaja kijana mmoja na beji shingoni na simu ya upepo mkononi. Salamu hakuna. Akasema, "Hapa ni pa wageni. Kwani nyinyi ni wageni?"

Mimi sikuelewa, nkamjibu kwa uzuri tu, "La mwanangu, sisi ni wenyeji."

Akasema, "Basi wenyeji nyuma."

Wenyeji nyuma! Nawaambia mimi nshatukanwa sokoni Kongowea, nshatukanwa na makanga wa matatu, lakini hayo maneno mawili yaliniingia mahali matusi hayajawahi kufika. Na angekuwa ametuambia pole, kumetokea hivi na hivi, wallahi tungeinuka na tungemkaribisha viazi. Yule wa Likoni akamuuliza mbona bango limesema vingine, akajibu yeye hakuandika bango. Halafu, na hii ndo inanichoma mpaka sai, akatoa utepe mwekundu MFUKONI akaanza kufunga viti vyetu sisi tukiwa tunaokota mikoba. Yani havikuwa vimewekewa mtu, vimekuwa vya wageni pale pale tulipokaa.

Mdogo wangu alipokuwa sekondari walisoma Mstahiki Meya cha Timothy Arege kwa setibuku, alikuwa akikikariri sebuleni mpaka sote tukakijua. Meya wa Cheneo anahangaika na wageni wake wa kutoka nje, wageni wapokewe, wageni wale, na huku wafanyakazi wamegoma na mji umejaa taka. Nilikuwa nkidhani mwandishi ametia chumvi. Kumbe Arege alikuwa mpole sana.

Tukakaa nyuma. Nyuma yenyewe ni safu ya mwisho, juu yako kuna feni inapiga kelele kama posho mili, mbele yako bwana mmoja mrefu na kofia. Mchezo ukaanza saa moja kasoro. Wageni hawajafika. Nkasema watakuja. Onyesho la kwanza limeisha hawajafika. Mimi sikuangalia mchezo tena jamani, nitasema ukweli, nilikuwa naangalia vile viti, vitatu, vitupu, vimefungwa utepe kama zawadi ya harusi, na kila mlango ukifunguliwa nageuka. Ukiniuliza onyesho la kwanza lilikuwa na nini sijui, kuna harusi nadhani, kuna mtu amezimia.

Nyumbani kwangu naangalia TV nimelala kwa mkeka na hakuna wa kuniinua. Zamani mtaani kwetu nyumba yenye TV ilikuwa moja na jioni ya Vitimbi watoto tunajaa chini mpaka kwa mlango kumsubiri Mzee Ojwang, na mwenye nyumba hakuwahi kutuambia hapa ni pa wageni. Hivo nkaapa pale pale, michezo basi, mwisho leo, nyota sifuri.

Halafu stima ikapotea.

Giza tititi, feni imenyamaza, maikrofoni zimekufa, na joto la Mombasa mnalijua. Nkasema haya, kumeharibika kabisa sasa, warudishe pesa. Lakini watu wakaanza kuwasha tochi za simu, na hapo ndo nlipoona jambo, kule mbele katikati hakuna mwanga manake viti vitupu havina simu. Mwanga wote uko kwetu nyuma. Na yule mama mkwe hakusimama hata kidogo, akashuka jukwaani akaja na njia ya katikati huku anaendelea na maneno yake, sauti ya kifua tu bila mtambo, akasimama hatua mbili kutoka kwetu akamlaani mkaza mwanawe mpaka mimi nkajikuta nataka kuomba msamaha na sijamkosea kitu. Jasho linamtiririka, leso imemteleza begani, hata kupepesa hapepesi. Kwa TV hiyo huipati, kwa TV wangekata wakaweka tangazo la mafuta ya kupikia. Yule wa Kisauni kanikamata mkono kwa kucha, ananong'ona "ni ya kweli, mdomo ni wa kweli."

Hapo nkasema sawa, nyota tano, nimesamehe.

Akaja yule kijana, "Zimeni tochi, mnaharibu shoo." Shoo gani sasa bila tochi? Bwana wa kofia ndo alimjibu na majibu yake hayaandikiki hapa.

Wageni hawakuja. Mpaka watu wanapiga makofi, mpaka tunatoka, utepe uko pale pale haujafunguliwa. Kwa hivo sijui niwape ngapi, waigizaji wale hawana kosa na kiti changu nataka nirudishiwe.

Kipindi chetu tulikitafuta YouTube usiku, mtu alikuwa mlangoni na kisu kama tulivyosema. Na juzi yule wa Likoni ameandika kwa grupu kuna mchezo mwingine mwisho wa mwezi, ukumbi ule ule. Nkamwambia sitii mguu. Yule wa Kisauni akauliza tena kama yule mama yumo. Yumo. Nshatuma mia tano yangu, lakini safari hii yule wa Likoni ndo atatangulia kuongea pale mbele, ameshajipanga, akiulizwa atasema yeye mgeni wa kutoka ng'ambo. Likoni si ng'ambo?