Guangzhou kwa metro: usiulize kituo, uliza herufi

Mimi ni fundi cherehani, nina kiduka Tandika, na miaka yote vitambaa nimekuwa nikichukua Kariakoo kwa watu wanaovitoa China. Oktoba iliyopita nikasema potelea mbali, nakwenda mwenyewe. Nilikaa Guangzhou siku kumi na mbili, na ukiondoa siku ya kupeleka mzigo kwa wakala, sikupanda teksi hata mara moja. Sijui Kichina hata neno la kuombea maji.

Nje ya mlango wa uwanja wa ndege wa Baiyun jamaa mmoja mwenye gari lake alinifuata, akaandika kwenye simu: 300, yaani yuani, pesa ya China. Nikatikisa kichwa. Akafuta, akaandika 250. Wakati huo metro, treni ya mjini ya chini ya ardhi, iko chini ya uwanja huohuo, unashuka ngazi tu. Nikachukua njia ya 3 mpaka Jiahewanggang, nikahamia njia ya 2. Hapo ndipo njia ya 2 inapoanzia, kwa hiyo treni inakuja tupu na unapata kiti. Nikashuka stesheni kuu ya reli, nikahamia njia ya 5, na kituo kinachofuata ndicho Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi wanafikia. Safari nzima haikufika yuani kumi.

Tiketi ya safari moja ni kidude cha plastiki cha duara, kama kishikizo kikubwa cha koti. Unapoingia unakigusisha getini, unapotoka unakitumbukiza kwenye tundu na geti linakimeza. Mashine inayokiuza ina kitufe cha Kiingereza: unagusa jina la kituo kwenye ramani, inakwambia bei, unaingiza pesa, kinadondoka. Nauli inaanza yuani 2 kwa kilomita 4 za kwanza, kisha inapanda taratibu kadiri unavyokwenda mbali. Nikakitupia mkobani, na pale Xiaobei nikasimama mbele ya geti nikikitafuta kati ya funguo, tepu ya kupimia, kalamu na shilingi mia mbili mbili za nyumbani, nyuma yangu foleni imejipanga kimya. Hakuna aliyesonya. Kimya kile kilinitia aibu kuliko ningesonywa. Tangu siku ile nikawa nakitia kwenye kipochi cha simu.

Ndani ya treni vituo vinatangazwa mara tatu: Kichina cha kitaifa, halafu Kikantoni, ambacho ndicho cha wenyeji, halafu Kiingereza. Siku ya kwanza hilo lilinichanganya. Nilisikia "Xiaobei", nikainuka, mara nikasikia "Siu Bak", nikajua nimeshapitiliza. Kumbe ni kituo kilekile kwa lahaja nyingine! Bora kutazama ramani iliyo juu ya mlango.

Sasa nije kwenye kilichonitesa, maana kusafiri kwenyewe hakukunitesa. Soko la vitambaa, lile ambalo kila mfanyabiashara analiita Zhongda, lina kituo chake njia ya 8. Kwenye ramani ya Kiingereza kituo hicho kimeandikwa Sun Yat-sen University. Zhongda ni kifupi cha jina la chuo hicho kwa Kichina, na soko limerithi jina kwa kuwa jirani. Nikafika bila shida, nikatoka kwenye mlango wa kwanza niliouona, nikaibukia penye miti mikubwa, wanafunzi juu ya baiskeli, na ukuta mrefu. Kitambaa hata cha kufutia meza hakuna. Nikajua nimedanganywa. Programu ya ramani niliyoizoea, Google Maps, haifunguki kwa intaneti ya kule, na ile ya Kichina nilikuwa bado sijaiweka. Nikatembea na jua la Guangzhou, ambalo Oktoba bado linachoma, mpaka nikapata daraja la waenda kwa miguu, nikavuka barabara, nikarudi mwendo uleule upande wa pili. Soko hilo hapo. Lilikuwa ng'ambo ya barabara tu, ingawa ni barabara pana yenye uzio katikati.

Jioni nikamsimulia dada mmoja wa Kariakoo niliyemkuta mgahawani Xiaobei, mtu anayekwenda huko mara kwa mara kuliko mimi ninavyokwenda Kigamboni. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Mdogo wangu, wewe unauliza kituo? Kituo hata mtoto atakifikia. Uliza herufi."

Kila kituo kina milango kadhaa ya kutokea, imepewa A, B, C, D, na mingine ina namba juu yake. Vituo ni vikubwa, milango iko mbalimbali, na mwingine unaweza kukutoa mtaa tofauti kabisa. Kwa hiyo muuzaji akikutumia anwani, mwambie akuandikie kituo na herufi. Ukishashuka kwenye treni, usiondoke kwa kufuata watu. Simama kwanza, tafuta ubao unaoonyesha kila herufi inatokea wapi, ndipo uende. Na ukishaibukia upande usio wako, usifanye ujinga wangu wa kutafuta daraja. Rudi chini. Mageti ya kulipia yako ndani zaidi, unaweza kuvuka barabara kwa chini kupitia kituo bila kutoa hata senti. Nilinunua daftari, kila sehemu nikaiandikia herufi yake. Lile daftari lilinisaidia kuliko simu.

Simu nayo ina mambo yake. Siku ya tatu msichana wa mapokezi hotelini alinisaidia kuunganisha kadi yangu ya Visa na Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, na kuanzia hapo nikawa napita getini kwa kuonyesha msimbo kwenye skrini, sipangi foleni ya mashine tena. Raha mustarehe, mpaka siku chaji iliponiishia nikiwa ndani ya treni. Ukiingia kwa simu lazima utoke kwa simu hiyohiyo, ndivyo mfumo unavyojua umetoka wapi. Nilikwenda kwenye kibanda cha huduma kando ya mageti, nikaonyesha kioo cheusi, nikafanya uso wa huruma. Binti akachomoa chaja ya simu yake, akachomeka ya kwangu, akanisogezea kiti. Dakika tano tukatazamana tukitabasamu kama wakwe.

Ukaguzi uko kila kituo: begi linapita kwenye mashine kama ya uwanja wa ndege. Mimi nilinunua mkasi wa fundi, ule mzito wa chuma, bei yake ukiilinganisha na ya Dar unaweza kulia. Mlinzi akausimamisha mkoba, akanionyesha bango lenye picha za vitu visivyoruhusiwa. Kosa ni langu, bango lilikuwepo siku zote nami nililipita kama tangazo la sabuni. Kuutupa sikuweza, nikapanda juu nikatafuta basi. Nauli yuani 2 kokote uendako na chenji hakuna: unatumbukiza kwenye sanduku, yamekwisha. Ila kituo cha basi majina yako kwa herufi za Kichina, nikabaki nahesabu vituo kwa vidole, na kidole cha saba kilinidanganya.

Mwendokasi wao nao niliupanda makusudi, kwa udadisi wa mtu wa Dar. Unapita barabara ya Zhongshan, ulianza 2010 ukiwa na kilomita 22.5 na vituo 26. Mwaka 2011 jiji hilo lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, tuzo ileile ambayo Dar es Salaam ilikuja kuipata 2018. Kilichonivutia ni kwamba mabasi ya kawaida yanaingia kwenye njia ile, yanakimbia humo, kisha yanatoka na kuendelea na mitaa yake, na abiria amekaa palepale. Kwetu wengi wanashuka Kimara wanapanda jingine. Nilishuka Gangding, penye maduka ya kompyuta, nikasimama jukwaani kama robo saa nikitazama tu mabasi yanavyopishana. Mlinzi akaanza kunitazama na mimi.

Metro naipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye njia ya 3 saa za kazi, kuanzia kama saa moja na nusu asubuhi. Ile siyo treni, ni gunia la dagaa. Pia ukiwa na mzigo, kuhama njia kunachosha, ni korido ndefu na ngazi, na majora ya vitambaa hayakubebwa kwa metro na mtu mwenye akili. Sampuli sawa. Mzigo kamili mwachie wakala. Wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yanayoanza Aprili na Oktoba, njia ya 8 kuelekea Pazhou yanakofanyika inafurika wageni wenye beji shingoni, kwa hiyo kama unakwenda Zhongda tu, nenda mchana.

Siku ya mwisho, ndani ya njia ya 2, alikaa mbele yangu mama wa Kichina, mtu mzima, katikati ya miguu yake shangazi kaja la miraba ya bluu na nyekundu, limefungwa kwa kamba kama tunavyofunga sisi. Na mimi langu lilikuwa vilevile. Akalitazama langu, akalitazama lake, akapiga paja akacheka. Akashuka Haizhu Square, na nilimwona akienda moja kwa moja kwenye ngazi bila hata kutazama ubao. Yeye herufi yake anaijua.